Treni ya Barua

Ndani ya kasha la mama, chini ya sari
ambazo sikuzivaa,
umelala ukuti wa mvumo, mwembamba kama rula,
umechanjwa kwa ncha ya chuma, ukapakwa masizi
herufi zipate kusomeka.
Huo ndio mimi.
Nimezaliwa Nawalapitiya, hospitali ya serikali,
saa saba na robo usiku,
Ng'e akichomoza, Mirihi yumo nyumba ya saba.

Nyumba ya saba ni ya ndoa.
Mimi nilipangishiwa mgomvi.

Mnajimu Wimalasuriya aliusoma huku anakula ndizi.
Akamlinganisha Upul na mimi, alama kwa alama,
kama mwalimu anayesahihisha hesabu za mtoto mzembe.
"Tano," akasema. "Tano kati ya ishirini."
Akafuta vidole, akaulizia chai.
Mama hakulia. Aliuviringishia uzi ule ukuti
taratibu, kama anayefunga kidonda.

Lililoandikwa halifutiki, ndivyo wasemavyo.
Sikuuliza nani alishika kalamu.

Upul sasa anauza matairi Kurunegala,
ana mabinti watatu na kitambi.
Nilimwona stendi siku moja, anagombea chenji.
Sina la kumlilia. Au ninalo,
ila limezoea kukaa, kama changarawe kiatuni
ambayo mguu umeshaifanyia nafasi.

Mwezi wa tatu nilimpelekea dawa za presha
Kusumawathi, mkunga aliyenipokea.
Macho yamekwisha, ulimi bado.
"Wewe? Wewe ulikuja na treni," akacheka.
"Saa ya wodi ilikuwa imekufa wiki nzima,
yangu nimeiweka rehani.
Nikasikia honi ya treni ya barua inaingia stesheni,
nikaandika saa saba na robo, maana ndiyo saa yake."
Akanywa maji, akajipangusa kidevu.
"Kumbe usiku ule kulikuwa na maporomoko Kadugannawa.
Ilichelewa. Saa moja, saa mbili, nani ajuaye?
Wewe unapiga kelele, na mimi nina wengine wawili njiani."

Nikarudi nyumbani na chupa tupu za dawa.
Mama hayupo tena wa kumwambia.

Usiku umeme ukakatwa, zamu ya mtaa wetu.
Nikapanda juu, kwenye tangi la maji.
Bonde lote lilikuwa limefunga macho,
mbwa mmoja tu, na jenereta la kiwanda cha chai,
na juu yake nyota, nyingi, bila mpango,
kama mchele uliomwagwa na mtu aliyeitwa ghafla.
Nikapiga hesabu kwa vidole:
ikisogea saa moja na nusu, achomozaye ni Mshale,
Mirihi anahamia nyumba ya sita,
ya maradhi na madeni.
Basi huenda ningeolewa, nikafilisika.
Huenda chenji ile ilikuwa yangu.

Mirihi alikuwepo, mwekundu kama ncha ya ubani.
Nikamtazama jinsi unavyomtazama mtu
uliyemsingizia wizi miaka ishirini na sita
na bado mnakutana kisimani.
Yeye kimya. Sidhani kama aliwahi kunitaja.

Nikamfikiria dereva wa treni:
amesimama gizani, mvua inampiga, tope limefunika reli,
anavuta sigara, anawalaani mafundi wa njia,
hajui kwamba ameshika ufunguo wa nyumba saba, nyumba sita,
hajui kwamba kuna mtoto.

Jumamosi niliamka alfajiri kama kawaida
nikapanga ukutani wali mweusi wa ufuta,
sadaka ya kumtuliza Zohali.
Mkono ulikwenda wenyewe.
Kunguru wakashuka, wote, hata yule kiguru
anayekula mwisho kwa kuogopa wenzake.
Hawana habari na saa ya wodi.

Nikawaongeza kijiko.